Kitambaa cha Mafundo Matano

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, nayo ni siku niliyofua kitambaa cha mama mkwe wangu. Utasema kufua kitambaa ni kosa gani. Na mimi nilisema hivyo hivyo. Kaa chini unisikilize, na usinikatize, maana jambo hili nimelificha tangu nikiwa mke mpya hadi sasa naitwa bibi na watu nisiowazaa, na nikikatizwa nitapata kisingizio cha kunyamaza tena.

Kilichonifanya nilitoe leo ni mjukuu wangu Perisi, ambaye nilimpiga kofi mkononi mbele za watu, hapa Chamazi.

Kuna kikundi chetu cha kina mama. Tunakutana mchana, Jumanne na Alhamisi, barazani kwa Somoe, mama wa Lindi anayeshona sare za shule. Tunatengeneza nguo moja kubwa ya kutundikwa ukutani, ndefu kuliko ukumbi wa nyumba yangu. Kila mmoja analeta kipande cha nguo ya zamani ya kwao, anadarizi juu yake nafaka ya kwao: mtama, uwele, ulezi. Vipande vinaungwa. Ikikamilika itapelekwa mjini kwenye maonyesho, watoto waone chakula walichokula wazee wao kabla ya kila mtu kugeuka kuwa mla sembe. Kazi nzuri. Midomo inafanya kazi kuliko sindano, lakini kazi nzuri.

Somoe ni mtu wa maneno. Siku ile aliponiona naingia alisema, "Haya, Mgogo wetu kafika. Umetuletea uwele au umetuletea mlenda?"

Nikamwambia, "Nimekuletea adabu, maana naona kwenu Lindi hamuilimi."

Wakacheka. Nilikaa, nikafungua mfuko, nikatoa kitambaa cha mama mkwe wangu. Ni kaniki, ile nguo nyeusi ya kizamani, imekakamaa kwa masizi na moshi. Ina mafundo kwenye pembe zote nne, na katikati pamekunjamana kama kitovu. Nilikuwa nimekaa nacho sandukuni miaka yote hiyo. Nilikitoa kwa sababu Somoe alisema kila mtu alete kitu cha kweli, siyo khanga iliyonunuliwa jana Mbagala, na mimi sikuwa na kitu cha kweli kingine.

Perisi alikuwa anatusaidia kuchora mistari kwa chaki. Ni binti mzuri, mchapakazi, hajui kukaa bure. Akakishika, akakinusa, akakunja uso.

"Bibi, hiki kinanuka moshi balaa. Kitatuharibia shoo. Ngoja nikifungue hivi vifundo, nikiloweke kwenye sabuni ya unga, jua hili kitakauka fasta tu."

Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kulegeza fundo la kwanza. Nikampiga mkono. Nguvu nilizotumia hata mimi sikuzijua. Chaki ikaruka. Perisi akaniangalia kama mtu aliyedonolewa na kuku wake mwenyewe.

"Bibi, mie nimekosa nini?"

Hakuwa amekosa kitu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nikinyamaza tena, mtoto huyu ataondoka na kofi ambalo halikuwa lake. Nilishaona mtu akiondoka na kisichokuwa chake. Kwa hiyo nilisema pale pale, na sasa nakwambia na wewe.

Niliolewa nikitokea mjini Dodoma. Baba yangu alikuwa mpakia mizigo stesheni, na mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Darasa la nne, mwanangu, siku hizo lilitosha kumharibu mtu. Nilijua kusoma barua, nilijua kuchana nywele kwa kitana cha plastiki, na shangazi yangu alinipa zawadi ya harusi ya sabuni ya kuogea, ya rangi ya waridi, yenye manukato. Nilikuwa na sabuni inayonukia katika kijiji ambacho watu waliogea maji matupu. Nilijiona malaika.

Mume wangu Elia alikuwa mtoto wa mwisho. Tuliishi kwa mama yake, katika tembe, nyumba ya udongo yenye paa la udongo. Mama mkwe wangu alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, akibakiwa na mwanga kidogo tu, wa kujua kama ni mchana. Lakini usingemtania. Alisaga, alipika, alichota majivu bila kuungua, alijua kuku yupi ametaga kwa sauti yake. Na yeye ndiye aliyekuwa mtunza mbegu wa nyumba ile.

Mbegu aliziweka kwenye ile kaniki. Ilining'inia juu ya mafiga ili moshi uzuie wadudu. Kila fundo lilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, na kila moja lilifungwa kwa namna yake: hili fundo moja, lile mawili, lile limezungushiwa ugwe wa gome la mti, lile limefungwa kwa kusokotwa. Pembe nne, mbegu nne. Fundo la tano lilikuwa katikati ya nguo. Mimi nilidhani ni ushamba wa kufunga. Sikujua kwamba yalikuwa maandishi. Kwa mtu asiyeona, fundo ni herufi. Alishika, akajua. Kila msimu wa kupanda alishusha nguo ile, akapitisha vidole, akasema panda hii huku, panda ile kule, na nyumba ikala.

Siku yenyewe alikuwa amekwenda msibani kijiji cha pili, ameshikwa mkono na wifi yangu. Elia alikuwa shambani anafyeka. Nikabaki peke yangu na uchafu wa watu. Nilifagia, nikafuta masizi, nikafika kwenye ile kaniki. Nikasema moyoni, mwanamke wa nyumba hii sasa ni mimi, na nyumba yangu haitaning'iniza tambara jeusi juu ya chungu cha chakula. Nikaishusha. Nikafungua mafundo yote, nikamimina mbegu kwenye ungo mmoja, kwa sababu ungo ulikuwa mmoja, na nilijiambia nitazitenganisha kwa rangi. Halafu nikachukua ile sabuni ya waridi, kwa kiburi tu, maana majivu yangetosha, nikaifua kaniki mpaka maji yakawa meusi, nikayamwaga, nikafua tena.

Ilipokauka nikakaa kutenganisha. Uwele ni wa kijivu, ulitoka. Ulezi ni mdogo mno, ulitoka kwa kupepeta. Mtama mweupe uliokotwa. Ukabaki mtama mwekundu. Nikaujaza kwenye fundo la nne. Nikabaki na mtama mwekundu mwingi, na fundo moja tupu, la katikati.

Mafundo yalikuwa matano, na mimi niliona rangi nne. Kumbe mitama miekundu ilikuwa miwili. Nikachukua punje nikazitazama juani. Kwangu mimi zilikuwa zile zile. Nikazitafuna, na hapo nikajua zaidi ya nilivyotaka: punje moja ilikuwa tamu, nyingine ikanikaza ulimi kwa uchungu. Lakini huwezi kutafuna mbegu yote ya nyumba ili uitenganishe.

Nilikuwa na saa nzima ya kufikiri kabla hawajarudi. Nilifikiria mke wa shemeji yangu mkubwa, aliyerudishwa kwao kwa sababu alipika mbegu. Mbegu tu, sufuria moja. Alirudishwa na khanga zake kichwani, hakuitwa tena. Na mimi tumboni nilikuwa na mimba ya miezi miwili ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Basi nikaugawa mtama mwekundu nusu kwa nusu. Nusu pembeni, nusu katikati. Nikafunga mafundo kama nilivyokumbuka, nikakitundika kitambaa juu ya moto, nikachochea kuni mbichi ili moshi urudi haraka.

Mwanangu, siku ile ile jioni mama mkwe alirudi, akakaa pale pale karibu na moto, na mimi nikampakulia chakula. Neno moja tu lingetosha. Angefoka, angenitukana, pengine angemwita jirani mwenye macho mazuri na subira, pengine wangeazima mbegu. Mvua ilikuwa bado wiki tatu. Kosa langu lilikuwa bado ndani ya kitambaa, halijaingia ardhini. Nikampakulia chakula, nikasema, "Karibu mama." Basi.

Mawingu yalipokuja, akashusha kitambaa. Elia alikuwepo, na mimi nilikuwepo. Alipitisha vidole kwenye fundo la kwanza. Akasimama. Akaenda la pili. Akarudi la kwanza. Halafu akainua nguo yote mpaka usoni, akakaa hivyo kitambo. Nilidhani anatafuta harufu ya wadudu.

"Nani kafungua?"

"Hakuna, mama," nikasema.

"Fundo hili siyo la mkono wangu."

Na mimi, kwa sauti laini kabisa, sauti ya mkwe mwema, nikasema, "Labda umesahau, mama. Umri nao."

Elia akacheka kidogo. Hakucheka kwa ubaya. Lakini nilimwona yule mama akigeuza viganja vyake juu, akivielekeza kwenye uso wake usioona, kama mtu anayekagua vyombo vilivyoanza kuvuja. Nakwambia ukweli, nimeona watu wakifa, nimezika mume, nimezika watoto wawili. Kitu kibaya kuliko vyote nilichofanya mimi mwenyewe ni kile. Nilimfundisha mtu asiye na macho kutoiamini mikono yake.

Aliweka mkono begani kwangu, tukaenda shambani, akaniongoza mimi ninayeona. Upande wa porini, ambako ndege hutokea, akaniambia nipande mtama mwekundu wa pembeni, mistari mingi, mnene kama ukuta.

"Huo ni mchungu," akasema. "Ndege akiuonja hurudi alikotoka. Sisi tunaujua, tunauloweka na majivu, tunakula. Yeye hajui kuloweka."

Halafu ndani, karibu na nyumba, sehemu ndogo tu, akasema nipande ule wa katikati.

"Na huo ndio mtamu. Nilikuja nao kwa mama yangu, siku niliyoolewa. Ni wa uji wa mzazi. Mwanamke akijifungua hapa hunywa huo, arobaini nzima."

Akanipapasa tumbo kwa kiganja, juu ya nguo. Alikuwa ameshajua. Na mimi mkononi nilikuwa na mbegu, nikaziachia kwenye shimo.

Mvua mwaka ule ilikuwa mbaya. Sitasema njaa yote niliileta mimi, huo nao ungekuwa uongo, na uongo wangu umetosha. Lakini majirani walipata kitu. Sisi, mtama ulipokomaa, kwelea kwelea walikuja kutoka porini kama wingu lililoanguka. Wakafika kwenye ukuta wetu, na ukuta ulikuwa umechanganyika. Kila walipoonja uchungu, hatua moja mbele palikuwa na utamu. Wakazoea shamba. Wakakaa. Tulipiga madebe, tulirusha mawe kwa kombeo mpaka mabega yakavimba. Walipomaliza utamu wa ukutani waliingia kwenye mtama mweupe, wakaingia kwenye ule mdogo wa karibu na nyumba, wakaingia kwenye uwele. Siku nne.

Siku ya tano mama mkwe akaniambia nimpeleke. Sikutaka. Akaenda peke yake kwa kushika mabua, na mimi nikamfuata nyuma na tumbo langu. Alipita mstari wa kwanza wa ule ukuta, akigusa suke moja moja. Suke limejaa. Suke tupu. Tupu. Limejaa. Tupu. Mstari mmoja, mbegu mbili. Alifika mwisho wa mstari akasimama, mkono umekamata suke tupu. Nilijua ameelewa kwamba mbegu zilichanganyika. Nilichokuwa sijui ni kama ameelewa nani kazichanganya.

Elia alitujia akiwa amevimba macho kwa kukosa usingizi. Akamfokea mama yake pale pale katikati ya shamba.

"Mama, umetuua! Macho huna, na sasa mikono pia huna! Kwa nini hukusema umechoka tumpe mwingine?"

Mama akageuza uso. Hakugeukia kwake, aligeukia kwangu, niliposimama kimya.

"Kweli, mwanangu," akasema. "Nimezeeka."

Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, nikajiambia nanyamaza kwa ajili ya mtoto. Tumbo lilikuwa kubwa, mwanangu, mtu anaweza kujificha nyuma yake.

Elia akamnyang'anya mama yake kazi ile akanipa mimi. Kitambaa cha mbegu kikawa changu. Wifi yangu akanisifu kijiji kizima: bora mbegu sasa ziko kwa mwenye macho na shule. Nikazipokea sifa.

Mtoto wa kwanza, ambaye ndiye baba yake Perisi, alizaliwa wakati wa njaa yenyewe. Uji wa mzazi haukuwepo. Tulikula mlenda wa porini na mahindi ya njano ya msaada, yakija. Kila mlo mama mkwe alisogeza bakuli lake kwangu.

"Kula, unanyonyesha. Mie nimekula kwa jirani."

Jirani yupi? Nilijua hakuna jirani anayepakulia mgeni mwaka ule. Nilijua, na nilikula. Maziwa yalitoka. Mtoto akashika uhai. Yeye akakauka taratibu, bila kelele, kama mmea uliong'olewa ukaachwa juani.

Asubuhi moja aliniita ndani. Nje palikuwa na mawingu ya kwanza ya msimu mwingine. Akaniambia nimletee kitambaa, nikamletea. Alipapasa mafundo. La katikati lilikuwa tupu: mtama mwekundu mchungu tuliupata tena, maana ndege waliuacha, lakini ule mtamu hatukuokota hata suke moja. Niliuliza vijiji vitatu baadaye. Hakuna aliyekuwa nao. Ulikuwa wa mama yake, ukaishia kwangu.

Akasema, "Utakitunza wewe. Mbegu zifunge kwa mkono wako, usiige wa kwangu. Wa kwangu huwezi."

"Sawa, mama."

"Na usikifue tena. Sabuni yako inanukia sana."

Nilibaki nimeinama. Alijua. Alijua tangu ile siku ya kwanza alipoinua nguo usoni. Moshi wa kuni mbichi haukuficha kitu kwa pua yake. Alikaa na jambo hilo tangu kabla ya kupanda, akanipa nafasi alipouliza nani kafungua, akanipa nafasi tena shambani. Na aliposema amezeeka, alikuwa anamzuia mwanawe asinirudishe kwetu na mimba yake.

Na hata hapo, mwanangu, akiwa amelala mbele yangu na mlango umefungwa, hakuna mtu wa kunirudisha kokote, sikusema "nisamehe". Nilisema, "Ndiyo, mama." Alikufa siku tatu baadaye. Mvua ikanyesha juu ya kaburi bichi.

Hayo ndiyo niliyoyasema barazani kwa Somoe. Nilipomaliza hakuna aliyenipa pole, na sikuihitaji. Sindano zote zilikuwa zimesimama. Somoe, yule mama wa utani, alikuwa ameshika mkasi wazi bila kukata.

"Na mumeo?" akaniuliza. "Yeye ulimwambia lini?"

"Sikumwambia."

"Mpaka akafa?"

"Mpaka akafa."

"Basi alikufa akimwona mama yake ndiye aliyewaua kwa njaa."

Nikasema ndiyo.

Akafunga mkasi. "Dada, mie nakupenda, lakini hilo ni zito. Hilo siwezi kulibeba na wewe."

Nikamwambia sijalileta ili abebe. Na alikuwa na haki. Usidhani kwamba ukichelewa kusema kweli kwa miaka hamsini, watu watakupigia vigelegele kwa kusema. Wengine waliohitaji kuisikia wameshazikwa. Elia sasa hawezi kwenda kukaa kwenye kaburi la mama yake akamwambia, mama, nilikuonea.

Perisi akanisogelea. Alikuwa bado ameshika ule mkono nilioupiga.

"Bibi, huyo mama mkwe wako aliitwaga nani?"

Hebu fikiria. Mtoto ana miaka ishirini, damu yake imepita kwa yule mama, na jina hakuwahi kulisikia. Nyumbani kwetu alikuwa "bibi aliyepoteza mbegu", basi.

"Sechelela," nikasema.

"Sechelela," akarudia. Akafumba macho, akapapasa mafundo yangu manne yaliyofungwa hovyo, halafu pale katikati palipokunjamana. Akauliza, "Hapa ndipo ulipokuwa ule mtamu?"

"Hapo hapo."

Kina mama walitaka kudarizi suke jekundu pale katikati, lipendeze. Perisi akakataa. Akasema pale paachwe patupu, na jina lidariziwe kuzunguka, kwa uzi mwekundu. Kazi hiyo ameifanya yeye, wiki mbili, na amekosea herufi moja akaifumua akaanza upya bila kuambiwa. Kitambaa kimeungwa kwenye nguo kubwa kama kilivyo, na moshi wake na masizi yake. Wa mjini wakiziba pua, wazibe.

Sasa nikwambie ninachotaka ubaki nacho, mwanangu, nami nakwambia kavu kavu.

Ukikosea, sema siku ile ile. Usingoje upate maneno mazuri. Siku ile kosa lako bado liko kwenye ungo, mtu anaweza kukaa na wewe mkaokota punje moja moja, hata kwa matusi. Likishaingia ardhini linaota, na litakapoota halitakuuliza wewe, litaenda kwenye sahani ya mwingine.

Ukikuta kitu cha mzee kichafu, kimefungwa vibaya, kinanuka, usikimbilie maji. Uliza kwanza kinafanya kazi gani. Wazee wetu wengi hawakushika kalamu. Waliandika kwa mafundo, kwa namna ya kupanga vyungu, kwa mahali pa kupanda. Wewe unaona takataka kwa sababu hujafundishwa kusoma pale.

Na mtu mzima akikwambia kitu fulani kimeguswa, na wewe ndiye uliyekigusa, usimwambie amesahau. Hilo nakuomba kuliko yote. Mpige, mtukane, ni afadhali. Usimnyang'anye akili yake ili wewe ubaki msafi.

Basi. Mungu akupe mdomo mwepesi siku ya kosa na mgumu siku ya umbea. Akupe mama mkwe kama wangu, na wewe uwe mkwe bora kuliko nilivyokuwa mimi. Nyumba yako isikose uji wa mzazi, na usisogezewe bakuli na mtu anayekufa njaa. Uzeeke ukiamini mikono yako mwenyewe.

Na wewe Perisi, unayesikiliza hapo mlangoni, ukija kunizika, kitambaa kikisharudi kutoka mjini ni chako. Usikifue.